Uzinduzi wa Eneo la Mwelekeo Maalumu

(Saint-Aubrun-les-Forges, Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, chini ya turubai, upande wa nje wa ukuta wa makaburi ya mji. Mzungumzaji: Bwana Hubert Desgranchamps, Naibu Meya. Waliohudhuria, pamoja naye: watu themanini na sita. Mbwa wawili.)

Mheshimiwa Meya, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuma picha yake, ile pale kwenye kiti cha kwanza; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Serikali Kuu katika wilaya yetu; Mheshimiwa Kapteni wa Zimamoto; Padri Anselme, paroko wetu; Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji wa Njiwa wa Mashindano; Bi Huguette Marchais, mwalimu mstaafu, aliyenifundisha hesabu mimi mwenyewe nikiwa darasa la tatu; waheshimiwa madiwani wa chama chetu na, kwa kuwa demokrasia yetu imekomaa, hata yule diwani wa upinzani; mabibi na mabwana; na kwa namna ya pekee kabisa, ninyi ndugu zetu wa imani ile ambayo, kwa mujibu wa sheria ya serikali kutofungamana na dini, siruhusiwi kuitaja nikiwa nimevaa mshipi huu wa rangi tatu za bendera yetu ya Ufaransa, na ambao kwa hiyo katika hotuba yangu yote nitawaita Wahusika: hamjambo!

(Hatujambo. Makofi, safu mbili za mbele.)

Ninasimama hapa nikiwa nimevaa kofia tatu, kwa maana Meya katika hekima yake alinikabidhi idara tatu ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, yaani Maelewano, Makaburi na Maegesho ya Magari, na katika miaka minane ya utumishi wangu uliotukuka nimezisimamia zote kwa uwazi, kwa ushirikishwaji, kwa mtazamo mtambuka na bila likizo, isipokuwa Agosti.

(Sauti: "Na Julai!" Kicheko.)

Na nusu ya Julai. Ndugu wananchi, kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mji wetu umekuwa na changamoto. Tulimleta Mhusika, tukamweka mbele ya tanuru la kuyeyusha chuma kwa miaka thelathini na nane, tukamfundisha kusema "habari ya asubuhi, bosi", akaoa, akazaa, akazeeka, na siku alipokufa tulimfunga kwenye sanduku la bati tukamtia kwenye tumbo la ndege, akaenda kuzikwa katika kijiji cha Aljeria ambacho wajukuu zake hawawezi kukionyesha kwenye ramani. Kwa nini? Kwa sababu makaburini kwetu kila mtu hulazwa kuelekea barabara kuu, na Mhusika ana upande wake anaotaka kuuelekea. Tatizo lilikuwa hilo tu. Upande!

Ndipo mwaka 2016 Bwana Slimane Kerrouche, yule pale kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na mkewe Bi Zohra na mjukuu wao Daktari Sirine, alipoandika barua ya ukurasa mmoja kuomba kwamba akifa asisafirishwe. Aliomba azikwe hapa, kwenye ukanda huu wa ardhi ambao tumesimama juu yake sasa hivi, kwa sababu ndani ya ukuta huu, mita nne kutoka miguuni pangu, amelala binti yake Nawal tangu Februari 1984, akiwa na umri wa miezi minane. Aliandika, nanukuu: "Sitaki kumwacha peke yake." Mwisho wa kunukuu. Barua ilikuwa haina kichwa cha habari wala namba ya kumbukumbu, lakini tuliipokea.

Nasema kwa furaha kwamba baada ya miaka hii minane Bwana Slimane bado yu hai! (Makofi.) Ofisi yangu inampongeza kwa subira, maana wapo waombaji ambao wangeharakisha mambo.

(Bwana Slimane: "Daktari kanipa mpaka Krismasi, Hubert. Fupisha!" Kicheko.)

Mmesikia? Krismasi! Mhusika anahesabu siku zake za mwisho kwa kalenda yetu. Hayo, mabibi na mabwana, ndiyo matunda ya sera yangu ya ujumuishi, na namwomba mwandishi wa gazeti asilikose hilo.

Sasa, kazi ilianza mara moja, yaani mwaka 2018. Awamu ya kwanza ilikuwa upembuzi yakinifu. Ili kupanga makaburi ya Wahusika ni lazima kujua Wahusika ni wangapi, na hapo tuligonga mwamba, kwa sababu sheria yetu, ambayo dunia nzima inaionea wivu, inakataza kumuuliza mtu dini yake. Huwezi kuuliza. Unaweza kukisia, unaweza kumtazama, unaweza kumsimamisha stesheni ukamwomba kitambulisho mara tatu kati ya kahawa yake na treni yake, lakini kumuuliza, hapana, huo ungekuwa ubaguzi. Majina tuliyakataa kwa sababu za kisayansi, baada ya kugundua kwamba Bwana Karim wa posta ni Mkatoliki na mke wa Mwenyekiti wa Njiwa, Bi Brigitte, alisilimu zamani bila kutuarifu.

(Mwenyekiti wa Njiwa anasimama: "Brigitte?" Anaketishwa.)

Ndipo mimi mwenyewe, nikioga, nilipobuni mbinu ambayo sasa mikoa miwili inataka kuiga. Kila Januari Meya hutualika ukumbini kwa heri ya mwaka mpya, na baada ya hotuba hupita kinywaji cha heshima. Nikaweka karani nyuma ya pazia. Anayeshika glasi ya mvinyo, ni wa kawaida. Anayeikataa, ni Mhusika. Rahisi, nafuu, bila kumuuliza mtu neno! Matokeo: Wahusika mia tatu na kumi na wawili, kosa la makadirio likiwa asilimia sifuri nukta nne. Kila mmoja alipelekewa barua ya pongezi yenye muhuri, kumjulisha kwamba ana haki ya kaburi la mwelekeo maalumu.

(Bi Huguette: "Hata mimi nilipata! Mimi ni ini, Hubert! Ini! Daktari kanikataza!" Kicheko kirefu.)

Bi Huguette, ofisi inafahamu suala la ini lako na inalifanyia kazi. Alipata pia Padri Anselme, aliyekuwa anatumia vidonge vya kifua. Walipata wajawazito sita. Ilipata timu nzima ya baiskeli. Hizo ni kasoro ndogo za takwimu. Kasoro kubwa kidogo, na hapa nasema kwa uwazi kwa sababu mimi ni mtu wa uwazi, ni kwamba Imamu wetu hakuhesabiwa kwa kuwa hakualikwa, na Bwana Slimane Kerrouche, mwombaji wetu wa kwanza na wa pekee, alihesabiwa kuwa si Mhusika. Karani aliandika wazi: ameshika glasi kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Kwa hiyo ombi lake la kaburi lilirudishwa likiwa na muhuri mwekundu: Hana Sifa.

(Bi Zohra: "Alishika! Hakunywa hata tone! Miaka arobaini anamwagia maua ya ukumbi!" Bwana Slimane: "Zohra, nyamaza, watanidai yale maua.")

Hebu mpeni kipaza sauti. Bwana Slimane, kwa faida ya wananchi, kwa nini ulishika?

(Bwana Slimane: "Mwaka sabini na tisa msimamizi wangu wa tanuru aliniambia, Slimane, we shika tu. Usinywe. Shika, watu waone mkono wako una kazi, usiwatie wasiwasi. Basi nikashika. Kila Januari nashika. Mvinyo unapata joto, mkono unapata baridi, Meya anapita ananiambia, afya njema, Slimane. Namwambia, afya njema. Kumbe nyuma ya pazia kuna mtu ananitoa kwenye dini." Kicheko. Baadhi hawacheki.)

Ushuhuda mzuri sana. Asante. Nirudisheni kipaza sauti. Ninachotaka kusisitiza ni kwamba hakuna ofisi katika mkoa huu iliyo karibu na Wahusika kuliko yangu. Mimi binafsi hula kuskusi kila Alhamisi. Daktari wangu wa meno ni Daktari Sirine Kerrouche, na mara mbili kwa mwaka namfumbulia kinywa changu chote bila woga wowote. Niliwahi hata kumuuliza anatoka wapi, ili kujenga mahusiano. Akasema, mtaa wa Stesheni. Nikamwambia, hapana, kabisa kabisa unatoka wapi? Akasema, kabisa kabisa, namba kumi na nne, ghorofa ya pili. Tulicheka sana.

(Daktari Sirine: "Hukucheka, ulikuwa na pamba mdomoni. Una miadi Jumatano, Bwana Naibu Meya. Lile jino la nyuma." Kicheko. Bwana Naibu Meya anashika shavu.)

Jumatano, ndiyo. Na ukaribu huu si wa maneno. Likitokea jambo baya lolote popote duniani, likifanywa na mtu yeyote ambaye jina lake lina sauti fulani, ofisi yangu humpigia simu Bwana Slimane ndani ya saa moja kumuuliza kama analaani. Analaani vizuri sana! Analaani kwa ufasaha, hata kabla hatujamaliza kumweleza kilichotokea. Tangu nianze kazi amelaani mara thelathini na saba, na mara moja tulipompigia kimakosa kuhusu mafuriko ya mto wetu, aliyalaani vilevile. Huyo ndiye tunayemwita Mhusika wa kiasi. Kamati yangu imefanya warsha tatu kuhusu kiasi hicho ni kipi, na rasimu iliyopo inasema hivi: afunge, lakini asionekane ana njaa, aswali, lakini asiiname sana, na mkewe akivaa kitambaa kichwani, kifungwe nyuma ya shingo kama kile cha Bi Huguette siku ya soko, kwa sababu kitambaa kilichofungwa nyuma ni cha kujikinga baridi, na kilichofungwa chini ya kidevu ni msimamo wa kisiasa.

(Bi Huguette anafungua kitambaa chake, anakifunga upya chini ya kidevu. Makofi, safu za nyuma.)

Bi Huguette, tafadhali, kuna mwandishi wa gazeti. Naendelea. Awamu ya pili: mwelekeo. Rufaa ya Bwana Slimane ilipokubaliwa mwaka 2021, kwa huruma yangu binafsi, tuliona sasa tupange makaburi. Wahusika walitaka yaelekee kusini-mashariki, mahali ambapo nikipataja nikiwa na mshipi huu naweza kushtakiwa. Halmashauri ilikaa saa saba. Diwani mmoja akasema, jamani, ardhi ya serikali haiwezi kuelekea dini. Mwingine akasema, basi ielekee nusu. Ndipo mimi, kwa mara nyingine, nilipofunua ramani ya mji nikagundua kwamba ukivuta mstari kutoka ukuta huu kuelekea kusini-mashariki, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni kipilefti kilicho mbele ya duka la vifaa vya bustani. Kipilefti hakina dini! Azimio likapita kwa kauli moja, kwamba Mji wa Saint-Aubrun-les-Forges unatenga eneo ambalo wakazi wake watalazwa kuelekea Kipilefti cha Duka la Bustani, na kama nyuma ya kipilefti hicho, umbali wa kilomita elfu nne na mia tano hivi, kuna kitu kingine, hilo Halmashauri haina taarifa nalo.

(Makofi. Imamu anainamisha kichwa, mabega yanatikisika.)

Wakati wa upimaji tuligundua pia dosari. Katika safu ya watoto ndani ya ukuta, makaburi arobaini na moja yamenyooka vizuri kuelekea barabara kuu, na moja limekaa mshazari kwa nyuzi thelathini hivi. Ni lile la Nawal Kerrouche. Mpimaji aliandika kuwa ni uzembe wa mchimbaji, marehemu Marcel, na akapendekeza linyooshwe.

(Bwana Slimane anainua mkono. Hasubiri kipaza sauti: "Si uzembe. Marcel aliniuliza, mnawalaza upande gani? Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa barafu, alichimba peke yake tangu alfajiri, akachimba hivyo nilivyomwonyesha. Akaniambia, wakiuliza, sema nilikuwa nimelewa. Na Marcel alikuwa hagusi pombe." Bi Zohra anafuta macho. "Msiliguse kaburi hilo, Hubert.")

Ofisi haitaligusa. Ofisi itafungua tu uchunguzi mdogo dhidi ya marehemu Marcel kwa kufanya uamuzi bila kikao.

(Sauti kadhaa: "Aa! Aa!" Bi Huguette: "Hubert, ona haya!")

Utakuwa uchunguzi wa ndani, Bi Huguette. Nafika mwisho. Awamu ya tatu, utekelezaji. Kila kitu kilikuwa tayari: ramani, azimio, bango. Lakini ndugu zangu, maendeleo hayasubiri mtu. Mwaka jana Idara ya Barabara, ambayo si yangu na siwezi kuisemea, ilikihamisha kipilefti. Ilikisogeza mita mia tatu na hamsini kaskazini, ili malori yapate kugeuka. Kwa hiyo, kwa mujibu wa azimio letu, marehemu wangelazimika kukifuata na kuelekea bwawa la kuogelea, upande wa vyumba vya kubadilishia nguo, na nisingeweza kukubali Wahusika waelekee milele mahali ambapo binti zao walifukuzwa kwa kuingia majini na nguo nyingi mno. Mradi ukasimama kwa heshima yao.

Hapo ndipo kofia zangu tatu ziliponisaidia. Mimi, kama Naibu Meya wa Makaburi, nilijiandikia mimi, Naibu Meya wa Maegesho, kujijulisha kwamba ukanda huu uko wazi. Nilijijibu ndani ya siku mbili, jambo ambalo ni rekodi. Mimi wa Maelewano niliombwa ushauri, nikasema sina pingamizi. Na leo, mabibi na mabwana, ninapokata utepe huu (anakata utepe, shuka jeupe linaanguka, bango la buluu lenye herufi P linaonekana), ninawakabidhi maegesho ishirini na sita ya kisasa, yenye taa, yenye nafasi mbili za magari ya umeme!

(Hakuna makofi. Mbwa mmoja anabweka. Bi Zohra: "Kaburi liko wapi?" Anarudia: "Hubert, mume wangu namweka wapi?")

Bi Zohra, subiri, nilikuwa nimekuwekea habari njema mwishoni. Mistari ya maegesho imechorwa mshazari. Mshazari kwa nyuzi ngapi? Thelathini! Kila gari litakaloegeshwa hapa, hata likiwa la mtu asiye Mhusika, pua yake itaelekea kule kule! Na namba saba, iliyo mita nne kutoka kwa mtoto, nimeitenga rasmi kwa jina la Bwana Slimane Kerrouche, maisha yake yote, mpaka Krismasi. Bure. Isizidi saa mbili kwa siku.

(Daktari Sirine amepiga magoti kando ya kiti cha babu yake.)

Basi, kwa kuwa furaha imewazidi, tuseme pamoja kaulimbiu zetu. Saint-Aubrun moja! (Kimya.) Pande zote ni zetu! (Kimya.) Maelewano, Makaburi! (Sauti moja, ya Padri: "Maegesho.") Asante, Padri. Wahudumu, pitisheni kinywaji cha heshima. Kila mtu ashike glasi yake. Bwana Slimane apewe ya kwanza, yeye ni mshikaji mzoefu.

(Saa tano na dakika thelathini na nane. Bwana Slimane anapokea glasi. Anaitazama. Anainama kutoka kwenye kiti, anaiweka chini kwenye majani, kando ya mstari wa namba saba.)

Bwana Slimane, umeiangusha? Mletee nyingine.

(Bwana Slimane: "Sijaangusha. Karani wako yuko wapi? Mwite atoke nyuma ya pazia. Leo anihesabu.")

Bwana Slimane, daftari limeshafungwa.

(Bi Huguette anaweka glasi yake chini: "Na mimi anihesabu. Ini, roho, aandike anavyotaka." Padri Anselme anaweka yake: "Nami niko kwenye dawa." Kapteni: "Dawa gani, Padri?" Padri: "Nitaitafuta." Kapteni anaweka yake. Mwenyekiti wa Njiwa, baada ya kumtazama Brigitte kwa muda mrefu, anaweka yake. Safu ya tatu. Safu ya nne.)

Jamani! Jamani, tafadhali, shikeni glasi! Mnajua maana yake mnachofanya? Kila glasi ni barua yenye muhuri! Kila barua ni kaburi! Ofisi haiwezi kuhudumia mji mzima! Diwani, hata wewe? Shikeni, nawaomba, makaburi hayatoshi! Nasema hayatoshi! Hayapo! Halipo hata moja, halijawahi kuchimbwa hata moja, hata jembe hatukununua! Mbona hamnielewi? Nani awahesabu? Asanteni. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Saa tano na dakika hamsini. Glasi zilizowekwa chini: sabini na tisa. Zilizobaki mikononi: saba. Ya Bwana Naibu Meya ilikuwa tupu.)